Hesabu Ianze Darasa la 9

Shule inapotangaza kwamba wahitimu wake wengi wameingia chuo, tuulize kwanza: wengi kati ya nani? Aliyeacha masomo akiwa na miaka 16 hayumo katika hesabu hiyo, na aliyejiunga na chuo Septemba akatoka kabla ya Krismasi bado anahesabiwa kuwa amefaulu. Mwaka 2006 watafiti wa Consortium on School Research, ya Chuo Kikuu cha Chicago, waliihamisha hesabu. Walianza na watoto wote wa shule za umma za jiji walioingia darasa la 9, mwaka wa kwanza wa sekondari ya Marekani. Rekodi za shule ziliwaonyesha nani alimaliza; kwa upande wa vyuo walitumia kanzidata ya National Student Clearinghouse, shirika lililoanzishwa mwaka 1993 na linalokusanya taarifa za usajili kutoka vyuo vya nchi nzima. Makadirio yao, yalipokwisha kusahihishwa, yalisema kwamba kati ya watoto 100 walioanza, ni 8 tu wangekuwa na shahada ya kwanza wakifika miaka 25 hivi.

Namba hiyo inauma, lakini faida kubwa ya kumfuata mwanafunzi hatua kwa hatua ni kujua anapopotelea. Utafiti wa 2005 wa watafiti haohao ulionyesha kwamba aliyemaliza darasa la 9 akiwa na krediti 5 au zaidi, bila kufeli somo la msingi zaidi ya muhula mmoja, alikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu na nusu wa kuhitimu katika miaka minne kuliko mwenzake aliyeteleza. Hapo mwalimu anapata jambo la kushika mkononi: alama ya kufeli, F, ya Novemba inaweza kurekebishwa Novemba hiyohiyo.

Wapo wanaosema kipimo kikishajulikana walimu watagawa alama za bure. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuendelea kufuatilia, kwa kuwa alama za bure zingeumbuka mbele ya safari. Uchunguzi wa 2014 katika shule za Chicago ulikuta kwamba waliookolewa darasa la 9 waliongeza kiwango cha kuhitimu, na wastani wa ACT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, haukuporomoka. Pingamizi la faragha ni zito zaidi. Sheria ya Marekani ya 1974 inamruhusu mwanafunzi kuzuia taarifa zake zisitolewe, na kwa kuwa rekodi huoanishwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, jina lililoandikwa tofauti humfanya msomi aonekane hakwenda chuo kamwe. Kwa hiyo kosa mara nyingi huipunguza idadi, na ripoti yoyote ya mtaa inapaswa kulitaja. Majina yenyewe yabaki kwa mwalimu na mshauri wanaoweza kumpigia mtoto simu. Mtaani zitoke asilimia tu.