Koleo Lenye Kazi Tatu

Kukata na kuzuia damu ni kazi mbili zisizoelewana. Anayekata anafungua, anayezuia damu anafunga. Kwa karne nyingi kila kazi ilikuwa na chombo chake: kisu huku, uzi wa kufungia mshipa kule, na damu haimsubiri mtu abadilishe mkono. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Córdoba, ambaye miaka 1000 hivi iliyopita aliandika kitabu cha utabibu na kuchora ndani yake vyombo vya upasuaji, alikitegemea sana chuma cha moto. Chuma hicho huzuia damu, ni kweli, ila hakichagui. Kinaunguza mshipa unaovuja na kuiunguza nyama nzima iliyo jirani yake.

Watu ninaotaka kuwasifu ni wale wanaosanifu vyombo vya umeme vinavyozifanya kazi hizo mbili kwa pamoja bila moja kuiharibu nyingine. Mgonjwa humshukuru daktari, na anastahili. Aliyekesha akipima pengo kati ya taya mbili za chuma hamjui, na wala hatamjua.

Tarehe 1 Oktoba 1926, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, daktari wa ubongo Harvey Cushing alimrudisha mezani mgonjwa mwenye uvimbe kichwani. Siku chache kabla, damu ilikuwa imemlazimu kuiacha kazi njiani. Safari hii alikuwa na William Bovie, mwanafizikia aliyesomea uhai wa mimea, na sanduku lake la umeme. Waya uliopindwa kama kitanzi ukaukata uvimbe kipande kwa kipande, na damu haikutoka kama ilivyotoka mwanzo. Baada ya hapo Cushing alianza kuwaita wagonjwa aliokuwa amewaambia kwamba uvimbe wao haugusiki. Bovie mwenyewe hakutajirika. Inasimuliwa kwamba haki za uvumbuzi wake aliziuza kwa dola 1 tu.

Msomaji atauliza: umeme wa nyumbani unaua, huu unaponyaje? Jibu limo katika kasi. Umeme wa ukutani kwetu hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na mishipa ya fahamu na misuli huusikia kila unapogeuka. Umeme wa upasuaji hugeuka mara laki kadhaa kwa sekunde. Kwa kasi hiyo misuli haiwahi kushtuka, linabaki joto peke yake. Hata joto hilo hutegemea upana wa mlango. Umeme uleule unaokata kwenye ncha nyembamba hurudi mashineni kupitia pedi pana iliyobandikwa pajani, na paja halihisi kitu. Pedi ikibanduka nusu, mlango wa kurudia unakuwa mwembamba, na mgonjwa anaamka na jeraha la moto mahali ambapo kisu hakikufika. Ndiyo maana mashine nzuri za leo huikagua pedi muda wote na kugoma kufanya kazi isiposhika vizuri. Mimi huo mgomo nauhesabu miongoni mwa kazi bora za uhandisi.

Kisha kuna mdundo wa umeme wenyewe. Ukiachiwa mfululizo, maji ndani ya seli huchemka ghafla, seli hupasuka, na nyama hukatika. Ukiachiwa kwa vipande vifupi vyenye volti kubwa, pengine asilimia 6 tu ya muda, seli hukauka taratibu na damu huganda. Kwa hiyo mkono ni ule ule na ncha ni ile ile. Kinachobadilika ni kitufe.

Hayo yote ni utangulizi. Uhodari wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye koleo la kuziba mishipa lililoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapa umeme hauzunguki mwilini kutafuta njia ya kurudi. Unatoka taya moja na kuingia taya ya pili, ukipitia kile tu kilichobanwa katikati. Taya zikibana mshipa kwa nguvu inayotakiwa, joto huzilegeza protini za ukuta wake, kuta mbili zikaungana na kuwa kitu kimoja. Makoleo ya aina hii huziba mishipa yenye kipenyo cha hadi milimita 7 bila uzi wowote. Kisha kisu chembamba kilichofichwa ndani ya taya huteleza na kukata katikati ya sehemu iliyozibwa. Kushika, kuziba, kukata.

Lakini taya zikigusana, umeme unapita chuma kwa chuma na nyama haipati kitu. Zikiachana mno, mshipa haushikani. Fundi anaweka vizuizi vidogo visivyopitisha umeme ili pengo libaki sehemu ndogo ya milimita. Nyama nayo haitabiriki: yenye mafuta haipati moto sawa na yenye maji. Basi mashine husikiliza ukinzani wa tishu mara nyingi kila sekunde, maana tishu ikikauka ukinzani hupanda, na ukipanda kiasi mashine inakata umeme na kutoa mlio. Ikichelewa kidogo, nyama inashika taya kama ukoko wa ubwabwa kwenye sufuria, na daktari akivuta, ule mshipa aliouziba unachanika upya. Kisu nacho hufungiwa kisitoke taya zikiwa wazi. Na yote haya, waya, kisu, fito za kuvutia na ganda la kuzuia umeme, mara nyingi yanapaswa kuingia katika bomba la milimita 5, lipite kwenye tundu la tumboni huku daktari akitazama skrini.

Wauzaji hupenda kuhesabu kazi: chombo hiki kina tatu, kile kina tano. Mimi hesabu hiyo hainishtui. Kila kazi inayoongezwa inadai nafasi, kitufe na sekunde ya kufikiri kutoka kwa mtu ambaye macho yake yako kwenye damu. Ncha inayokata, kugandisha na kufyonza moshi pamoja inafaa, kwa sababu moshi huo humziba daktari macho na si mzuri kwa mapafu ya walio chumbani. Ila chombo kinachomlazimu muuguzi kuuliza kitufe kipi ni kipi kimeshindwa, hata kama kina kazi kumi.

Kwa vijana wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba katika vyuo vyetu, kazi ipo. Mengi ya makoleo haya yametengenezwa yatumike mara moja yatupwe, na bei yake inayaweka mbali na hospitali nyingi za wilaya. Yakirudiwa kutumika, damu hujificha kwenye mikunjo ya taya na katika njia ya kisu, mahali ambapo brashi haifiki. Ingieni chumba cha upasuaji, kaeni na wauguzi wanaoosha vyombo, kisha mtusanifie koleo linalofunguka kwa vidole, linaloosheka, na linalostahimili mvuke wa nyuzi 134 bila ganda lake kupasuka.