Mikono Iliyoufunza Mkono wa Chuma

Kufungasha, yaani kukiokota kitu kwenye ukanda wa kusafirishia na kukilaza mahali pake ndani ya boksi, huonekana kazi ndogo kwa asiyeijua, ilhali ndiyo iliyowapa wahandisi mojawapo ya mashine nzuri kuliko zote za karne ya 20. Mashine hiyo ni roboti ya delta, aliyoibuni Reymond Clavel mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi, baada ya ziara katika kiwanda cha chokoleti kuzua hamu ya kupata chombo cha kupanga pralini, vile vipande vidogo vya chokoleti iliyojazwa, katika masanduku yake.

Roboti za awali, kama Unimate iliyoingia kazini katika kiwanda cha General Motors mwaka 1961, ziliundwa kwa ajili ya mizigo mizito, na mkono wa kawaida wa roboti, wenye viungo vinavyofuatana kama bega, kiwiko na kifundo, hulazimika kuubeba pia uzito wa mota zake. Clavel aliziacha mota tatu juu, zikiwa zimetulia kwenye kitako, akateremsha mikono mitatu myepesi ambayo sehemu zake za chini ni misambamba, yaani maumbo ya pande nne ambamo pande zinazotazamana hubaki sambamba daima. Kwa hiyo kibao cha chini, chenye kikombe cha kufyonzea, huenda kulia, kushoto, juu na chini bila kuinama hata kidogo. Hakuna programu inayokizuia kisiiname: ni umbo lenyewe linalokizuia, na anayeitazama mashine hiyo ikiokota zaidi ya mara 100 kwa dakika bila kuvunja biskuti moja anaona jiometri ikifanya kazi ya unyenyekevu kabisa. Kampuni ya Demaurex ilinunua leseni ya ubunifu huo mwaka 1987, na kampuni ya ABB ikaleta roboti yake ya delta, FlexPicker, mwaka 1998. Mengine ni habari za biashara.

Wahandisi wa mashine hizi za kufungashia wanaposimuliana walikotoka, wengi wa rika la wazee hutaja karakana kabla ya darasa: uanagenzi wa ufundi mitambo, miaka ya kushika tupa na spana, kisha umeme, na programu mwishoni kabisa. Husimulia kwa shauku isiyofichika, na shauku hiyo ina mizizi, kwa kuwa walijifunza kutambua kwa sikio beringi inayoanza kuchoka, na kabla ya kuchora chochote walisimama kando ya meza ya kufungashia, wakijifunza kwa wanawake waliojua kwa ncha za vidole ni chokoleti ipi imelainika kwa joto na haifai kubanwa.

Siku hizi mashine hukamilishwa kwenye kioo cha kompyuta kabla mbunifu wake hajaigusa bidhaa, na sehemu iliyochoka hutupwa nzima badala ya kufunguliwa ili ijulikane kilichoichosha. Kasi imeongezeka, hilo halina ubishi, lakini uvivu wa kutazama umeongezeka nayo. Maarifa ya wafungashaji hayakuandikwa popote, nao wamestaafu bila kuulizwa, huku viwanda vipya vikianza na roboti tangu siku ya kwanza, hivi kwamba mhandisi kijana anayeingia humo, hata awe na bidii kiasi gani, hakuti meza wala mtu wa kumuuliza.