Taarifa Iliyoandikwa Kabla ya Utafiti
Taarifa kadhaa tulizozisoma, zilizoandikwa na wahadhiri kwa wafadhili wa utafiti, zafanana mno: yaliyoahidiwa katika ombi la ruzuku ndiyo yayo hayo yaliyogunduliwa baada ya miezi 12. Hatusemi fedha zisitolewe hesabu. Huo ni uwakili. Lakini Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliwasili Kilimanjaro mwaka 1902. Kitabu chake juu ya sheria za Wachagga kilitoka 1926, na mafundisho waliyopewa vijana wao, majuzuu matatu, kati ya 1932 na 1938. (Tunayo mengi ya kumpinga, haraka haimo.) Mtafiti wetu afanyeje, mzee anapomwambia arudi baada ya mavuno, na taarifa yadaiwa Juni? Mara nyingi huandika jibu kabla hajalisikia.