Mota Inayonguruma Bila Kuzunguka: Jinsi Hitilafu ya Kikaushio cha Nguo Inavyotafutwa Geita na Shinyanga

Mota ya kikaushio cha nguo inaponguruma bila kuzunguka, jambo moja tu huwa limethibitika, nalo ni kwamba umeme unaifikia. Mengine yote yanabaki kutafutwa, na anayekimbilia kusema kwamba mota imeungua huwa ameruka hatua nne au tano ambazo kila moja ingeweza kumpa jibu kwa gharama ndogo zaidi. Uchambuzi huu unafuata hatua hizo katika mashine inayofahamika majumbani Geita, Kahama na Shinyanga, yaani mashine ya kufulia yenye mapipa mawili, moja kubwa la kufulia na jingine jembamba la kukaushia, ambalo halitumii joto bali huzungusha nguo kwa kasi hadi maji yakarushwa nje kupitia matundu ya pipa. Kikaushio cha joto, kilichozoeleka katika nyumba za Ulaya na Marekani, hakina kazi kubwa katika mikoa yenye jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mashine ya mapipa mawili imefaa katika mazingira hayo kwa sababu haidai bomba lenye presha: maji humiminwa kwa ndoo, yawe ya kisima au yale ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Hata hivyo, katika vituo vya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, Mgusu, Kakola na Mwakitolyo, mashine hiyo hupokea mzigo ambao mbunifu wake huenda hakuufikiria. Nguo za kazi huja na unga wa mawe yaliyosagwa kwenye karasha, na sehemu kubwa ya unga huo ni kwatzi, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, ambalo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Kwatzi ikichanganyika na maji machafu ya pipa hugeuka kuwa msasa wa majimaji, na msasa huo hutafuta njia ya kushuka mahali ilipo mota.

Ili mwenendo wa hitilafu ueleweke, inafaa kwanza kueleza kinachoizungusha mota hiyo. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa fazi moja, wa volti 230, unaobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Koili moja ikipewa umeme wa namna hiyo hutoa uga wa sumaku unaopanda na kushuka mahali palepale, kwa hiyo rota, yaani sehemu ya katikati inayozunguka, hutikisika na kunguruma bila kujua ielekee upande gani. Ndiyo sababu mota hufungwa koili mbili, kuu na saidizi, na kwenye koili saidizi huunganishwa kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi na kuachia chaji, ambacho huutanguliza mkondo wa koili hiyo mbele ya ule wa koili kuu. Tofauti hiyo ya wakati ndiyo inayoufanya uga uzunguke na kuikokota rota. Mota ya kikaushio yenye ncha nne za sumaku ingefikia mizunguko 1,500 kwa dakika kama rota ingeenda sawa na uga, lakini rota hubaki nyuma kidogo daima, hivyo kasi halisi huwa chini ya hapo.

Utafutaji huanza kwa sikio. Mashine ikiwa kimya kabisa, shauri liko kwenye njia ya umeme: plagi, waya, taima, swichi ya mfuniko inayokata umeme mfuniko unapofunuliwa, au fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili. Swichi ya mfuniko inastahili kushukiwa mapema, kwa kuwa vumbi na ukungu wa sabuni hushika kwenye sehemu zake za kugusana. Mashine ikinguruma, umeme umefika na koili mojawapo inafanya kazi, na hapo sikio hukabidhi kazi kwa mkono.

Hatua ya mkono ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo yenye mengi ya kusema. Plagi ikiwa imechomolewa ukutani na paneli ya nyuma imefunguliwa, pipa huzungushwa taratibu ili uzito wake upimwe. Kikaushio kina breki, yaani kipande kinachobana gurudumu la mhimili pale mfuniko unapofunuliwa ili pipa lisimame kabla mkono haujaingia. Mfuniko ukifungwa, kebo nyembamba huvuta kipande hicho na kukiachia huru. Kebo ikirefuka kwa matumizi, breki haiachii kikamilifu, na mota hulazimika kuzungusha pipa huku imeshikwa. Hunguruma, hupata moto, na mwishowe hutoa harufu ambayo wengi huitafsiri kuwa kifo cha mota. Kukaza kebo ni kazi ya bisibisi na dakika chache.

Pipa likibaki zito hata breki ikiwa imeachia, macho hushuka kwenye sili ya mpira iliyo chini ya pipa, inayozuia maji yasifuate mhimili. Hapa ndipo vumbi la karasha linapoacha alama yake: kwatzi hula mdomo wa sili, maji huanza kudondoka juu ya mota, bushi zinazoushika mhimili hupoteza mafuta yake na kushika kutu, na rota hukwama. Michirizi ya kutu au ya tope jekundu juu ya mota ni ushahidi wa kutosha kwamba sili imevuja kwa muda. Fundi anayebadili mota na kuiacha sili ileile huwa ameileta mota mpya kwenye ajali ya ile ya zamani, na kosa hilo ni la kusikitisha kwa sababu sili ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika mashine nzima.

Pipa likizunguka kwa wepesi na mota bado inanguruma, mshukiwa anayefuata ni kapasita. Kipimo cha zamani cha mafundi kina mantiki kamili: breki ikiwa imeachiwa, mhimili husukumwa kwa kijiti kikavu cha mbao huku umeme umewashwa, na mota ikiendelea na safari kwa upande iliosukumwa, basi koili kuu ni nzima na kilichokosekana ni msaada wa kuanzia. Kipimo hicho ni cha hatari kwa asiyezoea, na mita yenye uwezo wa kupima kapasita hutoa jibu bora zaidi. Kabla ya kuigusa, kapasita lazima imalizwe chaji yake kupitia kizuio au balbu, kwa kuwa hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 5, ikiwa na ruhusa ya asilimia 5 juu au chini, inapaswa kusomeka kati ya 4.75 na 5.25; ikisomeka 3, haijafa kabisa, lakini nguvu ya kuanzisha mzunguko imepungua kiasi kwamba pipa tupu linaweza kuanza na pipa lenye nguo likagoma.

Koili hupimwa mwishoni, nazo zina hesabu yake. Mota hutoa nyaya tatu: ncha ya koili kuu, ncha ya koili saidizi, na waya wa pamoja unaoziunganisha. Ikiwa, kwa mfano, waya wa pamoja na ncha ya kwanza husomeka omu 60, na waya wa pamoja na ncha ya pili omu 80, basi ncha mbili zenyewe zinapaswa kusomeka 140. Jumla isipotimia, kuna kasoro ndani ya mota, kwa mfano koili hizo mbili zimegusana. Kuna hali moja inayowapoteza wengi: waya wa pamoja hausomi kitu kwa upande wowote, lakini ncha mbili zinasoma ile 140 barabara. Katika hali hiyo koili ni nzima, na iliyokatika ni fyuzi ya joto iliyo kwenye waya wa pamoja, ambayo hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile cha joto. Kuiunganisha mota moja kwa moja bila fyuzi ni kuiondolea nyumba kinga dhidi ya moto. Kipimo cha mwisho ni cha uvujaji kuelekea bodi ya chuma, kwa kifaa cha kupimia kihami, yaani megga, cha volti 500. Usomaji ulio chini ya megaomu 1 unatosha kuizuia mota isirudi kazini, hasa katika nyumba ambazo waya wa athi haujafika kwenye soketi.

Ni baada ya hayo tu ndipo mota inapostahili kupelekwa kwa fundi wa kusuka mota, na hata hapo swali la kwa nini koili ziliungua halijajibiwa. Katika vijiji vya machimbo jibu mara nyingi liko nje ya mashine. Nyumba iliyo mwishoni mwa laini inayohudumia pia makarasha hupata volti pungufu saa ambazo mashine hizo zinafanya kazi, na nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: kwa volti 180 badala ya 230, kinachobaki ni takriban asilimia 61. Mota inayoshindwa kuanza huendelea kuvuta mkondo mkubwa wa kuanzia, na joto lake hupanda kila sekunde. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa na kujaribiwa mjini Geita asubuhi, ikazunguka vizuri, inaweza kugoma jioni ileile huko Nyarugusu bila kosa la fundi wala la kipuri, na soketi ya nyumba hiyo inapaswa kupimwa saa ambayo nguo hufuliwa, kikaushio kikiwa na mzigo wake kamili na makarasha ya jirani yakiwa yanasaga.