Kumsaka Mbeba Sukari wa Mpunga

Mchele wa Kyela hujitangaza kwa harufu kabla sufuria haijafunuliwa. Nyuma ya punje hiyo kuna sukari iliyotengenezwa na jani, ikapitishwa kwenye utando wa seli na protini ziitwazo SWEET. Bakteria wa Xanthomonas oryzae wanazijua njia hizo. Huingia kwenye vitundu vya maji vya ukingo wa jani, wakawasha jeni za SWEET ili sukari ivuje, nao wakala. Mwaka 2019 bakteria wa jamii ya Asia walionekana Dakawa, Morogoro, wakiwasha SWEET11a, ambayo wale wa Afrika hawakuigusa.

Kuiona protini yenyewe ndani ya jani kunahitaji kingamwili inayoishika hiyo tu, na ufundi wa kuitengeneza ninauhusudu sana. Mpunga una jeni 21 za SWEET, zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja. Protini hupita kwenye utando mara 7, sehemu kubwa ikizama humo. Kwa hiyo fundi huchagua mkia, ulio ndani ya seli, na katika mkia huo kipande kifupi ambacho ndugu zake hawana. Peke yake ni kidogo mno kuushtua mwili wa sungura, ambaye ndiye atakayetengeneza kingamwili. Hushikizwa kwenye protini kubwa itokayo katika damu ya konokono wa baharini.

Kabla ya sindano ya kwanza, sungura hutolewa damu kidogo, iwe ushahidi wa alivyokuwa mwanzo. Sindano hurudiwa kwa wiki kadhaa. Kisha seramu ya damu yake hupitishwa juu ya kipande kilekile: kingamwili zinazokitambua hung'ang'ania, nyingine huoshwa.

Hata sampuli ya jani ina adabu yake. Protini nyingine huchemshwa, lakini za utando zikichemka huelekea kugandana na kukwama juu ya jeli inayotenganisha protini, hivyo hupashwa joto kwa kiasi tu.

Mwisho hupimwa majani mawili kwa kingamwili hiyo: la mpunga wa kawaida, na la mpunga ulioondolewa jeni ya protini inayosakwa. Protini iliyoshikwa huonekana kama mstari; ukijitokeza kwenye la pili, kingamwili inashika kitu kingine, na kazi inaanza upya. Kingamwili isiyopita hapo siiamini, hata picha zake zipendeze vipi.

Nje ya maabara, maji yanayotoka jaruba moja kwenda jingine hubeba bakteria wale wa Xanthomonas, na Kyela ni nchi ya mafuriko. Mkulima, ukiona kingo za majani zinageuka njano kuanzia ncha, usingoje mavuno. Mwite afisa ugani.