Kinubi Hupigwa kwa Miguu

Anayetazama onyesho la kinubi huangalia mikono, na hana kosa, maana mikono ndiyo inayopendeza: vidole vinne vya kila upande, kile cha mwisho kikiwa hakina kazi, vikipita juu ya nyuzi 47, nyingine nyekundu na nyingine nyeusi ili mpigaji asipotee njia. Hoja yangu ni kwamba macho hayo yanatazama pasipo penyewe. Ufundi wa kinubi kikubwa cha okestra, hasa kinapoingia katika jazi, umo miguuni, kwenye pedali saba zinazozunguka kitako chake, na mpigaji wa kusifiwa ni yule aliyekwisha kuamua kwa mguu kabla kidole hakijagusa uzi. Nasema jazi nikimaanisha ile ya Marekani, si ya bendi kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo zililichukua jina zikalitilia muziki mwingine, mtamu kabisa.

Pedali hizo zina historia ndefu, lakini sura yake ya leo tunadaiwa na Sébastien Érard, fundi Mfaransa aliyekuwa na karakana London, aliyepata hataza ya mfumo wake mwaka 1810. Kila pedali inatawala noti moja tu, ila inaitawala karibu popote ilipo: ukikanyaga ya C, nyuzi za C zinabadilika kwa pamoja, nene na nyembamba. Pedali ina vituo vitatu. Ikiwa juu, noti imeshushwa nusu toni. Ikiwa katikati, ni ya kawaida. Ikikanyagwa hadi chini, imepandishwa nusu toni, kwa kuwa visahani vidogo vyenye meno huzunguka shingoni mwa kinubi vikaubana uzi na kuufupisha. Mguu wa kushoto umepewa D, C na B, wa kulia E, F, G na A. Matokeo yake ni haya: mpiga piano ana vitufe 12 katika kila oktava, na vyote vinamngoja, mpiga kinubi ana nyuzi saba, na noti asiyoiandaa mapema haipo. Anafanana na mcheza bao, anayezihesabu kete hadi shimo la mwisho kabla hajaokota ya kwanza, ila huyu anahesabu huku besi na dramu zikimkimbiza.

Uzito wa jambo hilo utaonekana tukiuchukua wimbo mmoja. John Coltrane alitoa albamu ya Giant Steps mwaka 1960, na wimbo unaobeba jina hilo ukawa mtihani wa kila mpiga saksofoni, kwa sababu mafungu ya noti hubadilika kila mapigo mawili, kwa kasi, na ufunguo huruka kutoka B kwenda G, kisha E iliyoshushwa. Mpiga kinubi akiufuata jinsi ulivyoandikwa, kutoka B kwenda G lazima asogeze pedali nne, mbili kwa kila mguu. Kutoka G kwenda E iliyoshushwa ni nne tena, na safari hii tatu kati yake zimeangukia mguu wa kulia. Yote hayo kwa muda usiotosha kupiga chafya. Wengi hukomea hapo na kusema kinubi si chombo cha jazi, na ndilo pingamizi kubwa kuliko yote.

Pingamizi hilo lilikwisha kujaribiwa kwa vitendo, na Wafaransa wenyewe. Mwaka 1897 kampuni ya Pleyel mjini Paris ilitoa kinubi kisicho na pedali, chenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopishana katika safu mbili, ili noti zote 12 ziwepo wakati wote. Pleyel wakamwagiza Claude Debussy akitungie kazi, naye mwaka 1904 akaandika densi mbili za kinubi na vyombo vya nyuzi. Érard, wapinzani wao, wakamwendea Maurice Ravel, aliyewapa Introduction et Allegro mwaka 1905. Kwa hesabu za karatasi Pleyel walipaswa kushinda, maana walikuwa wameondoa kikwazo. Leo kinubi chao kinatafutwa makumbusho, na densi za Debussy hupigwa kwa pedali. Sababu moja ni kwamba kikwazo kile kilikuwa pia kinazaa. Weka pedali hivi: C ya kawaida, D imepandishwa, E imeshushwa, F imepandishwa, G imeshushwa, A ya kawaida, B imepandishwa. Nyuzi saba sasa zinatoa sauti nne tu, nyingine zikirudiwa na jirani zake, na mkono unaweza kufagia kinubi kizima bila kugonga noti ngeni hata moja. Piano haiwezi kufanya hivyo. Mguu umefunga milango mitatu ili mkono ukimbie bila woga.

Aliyeyaelewa haya vizuri katika jazi, kuliko hata wanaume waliomtangulia kama Casper Reardon, aliyerekodi na Jack Teagarden mwaka 1934, ni Dorothy Ashby. Alizaliwa Detroit mwanzoni mwa miaka ya 1930, baba yake, Wiley Thompson, akiwa mpiga gitaa wa jazi, na akasoma Cass Technical, shule ya serikali iliyokuwa na vinubi na mwalimu wa kuvifundisha. Alianza na piano. Hilo si jambo dogo: alikuja kwenye kinubi akiwa tayari anajua anachotaka kusikia, akabaki na kazi ya kukilazimisha chombo. Katika The Jazz Harpist ya mwaka 1957 na Hip Harp ya mwaka uliofuata, filimbi ya Frank Wess ikiwa pembeni yake, hasikiki kama malaika wa kadi za Krismasi. Sentensi zake ni fupi, kavu, zenye mkato wa gitaa, kwa sababu alijua kuuzima uzi. Uzi wa kinubi ukishaguswa huendelea kulia, na katika muziki unaobadilika kila mara sauti ya jana huichafua ya leo. Basi kiganja lazima kirudi kuzima wakati mguu unaandaa noti inayofuata. Wapiga vinubi wengi walikuwa wakisifiwa kwa mawimbi ya sauti. Ashby anastahili kusifiwa kwa ukimya aliouweka katikati.

Alice Coltrane, mzaliwa mwingine wa Detroit, alikwenda njia iliyo kinyume, na kwangu ni ushahidi wa hoja ileile. Mumewe John ndiye aliyeagiza kinubi, lakini alifariki Julai 1967 kabla hakijafika, na mjane akajifundisha mwenyewe. Hakujaribu kukimbizana na Giant Steps. Katika Journey in Satchidananda, iliyotoka mwaka 1971, besi ya Cecil McBee inarudia fungu lilelile, saksofoni ya Pharoah Sanders inapanda juu yake, na kinubi kinafagia skeli moja ambayo pedali zake zimepangwa na kuachwa. Wapo wanaosema huo ni urahisi. Nasema ni uamuzi: alijua kwamba mguu ukitulia, muziki mzima hutulia pamoja nao, na akauchagua utulivu huo wakati wapigaji wengi wa kizazi chake walikuwa wanaongeza kasi.

Wasomaji wa Uganda na Kongo hawatashangazwa na wazo kwamba uchache wa noti huzaa ufundi, kwa kuwa vinubi vya kwao vimeishi hivyo tangu zamani. Ennanga ya Waganda, iliyokuwa ikipigwa katika jumba la Kabaka, ina nyuzi nane na shingo iliyopinda, haina pedali wala meno ya kubana uzi, na mpigaji wake huijaza nafasi kwa kuipandanisha mikono miwili hadi msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. William Grant Still, mtunzi Mmarekani mweusi, alilijua jina hilo. Mwaka 1956 aliandika kazi ya kinubi, piano na vyombo vya nyuzi akaiita Ennanga. Mwaka mmoja baadaye Ashby alitoa albamu yake ya kwanza. Sidai kwamba mmoja alimwongoza mwingine. Ila inatosha kutuondolea dhana kwamba kinubi mikononi mwa mtu mweusi ni kioja kilichotoka saluni za Ulaya.

Sasa tuje kwenye mashindano, kwa maana ndiko dunia inakokwenda kumtafuta mpiga kinubi bora. Israeli imeyaandaa tangu 1959. Marekani, Susann McDonald aliyaanzisha ya Bloomington, Indiana, mwaka 1989, na huja kila baada ya miaka mitatu; mshindi hupewa kinubi kikubwa kilichopakwa dhahabu kutoka Lyon & Healy wa Chicago, watengenezaji wa vinubi tangu 1889. Matamasha ya fainali ni mazuri, sibishi. Mshindani huketi mbele ya okestra na kupiga bila karatasi, na katika kazi ngumu kama konseto ya Alberto Ginastera miguu yake huchapa kazi ambayo wengi wa ukumbini hawaioni. Lakini kila badiliko la pedali katika kazi ile lilikwisha kuamuliwa miezi mingi nyuma, likaandikwa kwa penseli juu ya noti, likarudiwa hadi likaingia mwilini. Mguu wa mshindani unakumbuka. Mguu wa Ashby ulikuwa unaamua. Haya ni matendo mawili tofauti, na mashindano yanayoheshimika zaidi yamejengwa kupima la kwanza.

Najua jibu la waandaaji: ubunifu wa papo kwa papo haupimiki kwa haki, na tuzo isiyo na kipimo huzaa manung'uniko. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama jazi yenyewe isingekuwa na mashindano. Taasisi ya Thelonious Monk ilianza yake mwaka 1987, na mwaka 1991 Joshua Redman aliyashinda kwa saksofoni mbele ya majaji waliojua wanachosikiliza. Jaji anayeujua muziki husikia kama mpigaji amejibu besi au ameikwepa, na kama noti ngumu imeandaliwa au imebahatishwa. Kwenye kinubi kupima ni rahisi hata zaidi, kwa sababu pedali iliyochelewa hutoa mlio wa uzi unaokwaruzwa, na hakuna ukumbi unaoweza kuuficha.

Pingamizi jingine linahusu riziki, na hilo haliondolewi kwa maneno matamu. Ashby hakutajirika. Akiishi Detroit alifanya kazi kila ilipopatikana: kipindi cha redio, muziki wa kundi la maigizo alilokuwa nalo na mumewe, John Ashby, na albamu kama Afro-Harping ya mwaka 1968. Baadaye alihamia California akawa mpigaji wa studio, nyuma ya waimbaji, hadi alipofariki mwaka 1986. Mtu anaweza kuyasoma maisha hayo kama kushindwa: nyota aliyeishia kusindikiza wenzake. Mimi siyasomi hivyo. Studio ndiyo mahali ambapo mguu unaoamua una bei, kwa kuwa wimbo huletwa asubuhi na kurekodiwa kabla ya chakula cha mchana. Bill Withers alimtumia, na Stevie Wonder akamwachia If It's Magic katika Songs in the Key of Life ya mwaka 1976, wimbo ambao kwa sehemu kubwa una sauti ya mtu na kinubi, bila besi wala dramu ya kujificha nyuma yake. Mwaka 1992 Pete Rock alichukua kipande cha Ashby akakijengea wimbo wa hip hop, na vijana wasiojua kinubi ni nini wakawa wanautingishia kichwa uamuzi alioufanya miaka mingi kabla.

Kwamba waliomfuata ni wachache hakunipi shida. Kinubi cha okestra kinauzwa makumi ya maelfu ya dola, kina uzito unaokaribia kilo 40, na hakipandi daladala. Palipo na shule iliyokinunua, kama Cass, walitokea wapigaji. Yupo Brandee Younger, aliyekulia Long Island, New York, aliyetoa Somewhere Different mwaka 2021 kwa lebo ya Impulse!, ileile iliyowatoa akina Coltrane, na mwaka 2023 akaijenga Brand New Life juu ya kazi za Ashby. Edmar Castañeda wa Bogotá hana pedali kabisa. Anapiga kinubi cha mbuga za Kolombia, na mkono wake wa kushoto hufanya kazi ya mpiga besi mzima. Hawa hawakungoja nafasi itangazwe. Kila mmoja alijitengenezea bendi, nyimbo na wasikilizaji, na hiyo nayo ni sehemu ya fani, ingawa hakuna jaji anayeitolea alama.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa mashindano makubwa ya kinubi ni duru moja ya nyongeza. Mshindani apewe wimbo ambao hajauona, aruhusiwe kuusoma kwa dakika chache, kisha aupige mara tatu mfululizo na watu asiowahi kufanya nao mazoezi, kila mara tofauti. Gharama yake ni mpiga besi mmoja, mpiga dramu mmoja na nusu saa ya ukumbi.