Matawi Saba ya Mega Man Katika Kipimo cha Matema

Katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, vyungu vya Wakisi hupangwa vikubwa kwa vidogo, na mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole asikilize mlio kabla ya kutoa fedha. Hamwulizi mfinyanzi maneno mengi. Chungu chenyewe hujieleza. Kipimo kama hicho chafaa kutumiwa kwa mfululizo wa michezo ya video uitwao Mega Man, ambao kampuni ya Capcom ya Japani iliuanzisha mwaka 1987, na ambao tangu hapo umechipua matawi makubwa saba.

Wapenzi wa mfululizo huu huyapanga matawi kwa ugumu, kwa muziki, au kwa mazoea ya utoto wao. Vipimo hivyo havimfai mtoto wa darasa la tano wa Matema. Yeye husomeshwa kwa Kiswahili. Kiingereza kwake bado ni somo tu, na Kijapani hakijui. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mchezo wamweleza nini asipofahamu hata neno moja lililoandikwa kwenye kioo?

Kwa kipimo hicho, tawi la asili lashika nafasi ya kwanza. Shujaa wake hukimbia, huruka, hupiga risasi, na akimshinda adui hutwaa silaha yake. Katika mchezo wa 1987 maadui wakuu sita wamefungamana kama duara. Cut Man, mwenye mkasi kichwani, hushindwa kwa kutupiwa mawe. Mkasi wake humdhuru Elec Man. Umeme wa huyu humdhuru Ice Man. Na barafu ya Ice Man humdhuru Fire Man. Sarufi hii ya vitendo mtoto huigundua kwa kujaribu.

Nafasi ya pili ni ya X, tawi la 1993. Katika mchezo wake wa kwanza barabara hubomoka, na shujaa akianguka shimoni hana njia ya kutoka ila kuukwea ukuta kwa kuruka. Somo limefundishwa bila mwalimu. Lililoliteremsha tawi hili ni wingi wa mazungumzo katika michezo yake ya baadaye.

Zero, la 2002, ni la tatu. Upanga wa shujaa huyo waeleweka mara moja; walakini mtawala anayepigwa mwishoni ni nakala ya X, na asiyesoma atadhani rafiki amemwua rafiki. La nne ni Legends, la 1997: nyuso za watu wake hucheka na kukasirika waziwazi, bali kazi nyingi hutolewa kwa maneno. ZX, la 2006, ni la tano, kwa kuwa ramani yake humtatiza hata ajuaye kusoma.

Nafasi mbili za mwisho ni za Battle Network, la 2001, na Star Force, la 2006. Katika lile la kwanza mapigano hufanyika juu ya uwanja wa vyumba 18, tisa kwa kila upande, na mtoto aliyezoea kuhesabu mashimo ya bao angeuelewa upesi. Lakini kati ya pigano na pigano, njia hufunguliwa kwa barua na mazungumzo. Star Force nalo lasimulia habari za mvulana ambaye baba yake alipotea angani, naye kwa huzuni akaacha kwenda shule. Huzuni hiyo yote imo katika maneno.

Hapo ndipo kipimo chenyewe chaonyesha upungufu, tena si upungufu wa mchezo. Pwani ya Matema wavuvi wa usipa hutoka usiku na taa zao katika ziwa lenye pepo kali. Kisa cha mtoto amngojeaye baba hakihitaji kufafanuliwa huko; chahitaji kutafsiriwa tu. Tawi lililowekwa la saba ndilo ambalo lingemfaa mtoto huyo kuliko yote, na lililomzuia kulifikia ni kutokuwepo kwa Kiswahili ndani yake.

Wako watakaosema kwamba michezo ni upuuzi usiostahili jasho la mfasiri. Hata hivyo, lugha ambayo mtoto haikuti katika mchezo wake huizoea kuwa lugha ya darasani tu. Wafasiri wa Kiswahili wakitaka pa kuanzia, na waanze na tawi hilo la saba.